Njia Inayopita Uani

Tangini, Kibaha, alfajiri

Maji yametoka leo. Nimeamka saa kumi na nusu, nikakinga ndoo zote na madumu, nikaacha bomba likichuruzika kwenye pipa huku nafunga begi la mgongoni. Jirani yangu, bibi wa Kizaramo ambaye mtaa mzima unamwita Bibi tu, alikuwa keshaketi barazani na tasbihi yake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Safari ya wapi na viatu hivyo?"

Nikamwambia naenda Kisarawe, kutembea kwenye msitu wa Pugu na Kazimzumbwi.

"Unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu, Bibi. Naenda msituni."

Akanitazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye tasbihi. Nimeandika swali lake kabla ya jambo lingine lolote kwa sababu limekaa vibaya moyoni, na kwa sababu si mara yangu ya kwanza kuulizwa.

Daftari hili nililinunua Shkodër, kaskazini mwa Albania, Agosti 2019, nilipokuwa masomoni Graz, Austria. Nilijaza nusu yake kwa siku tano kule milimani, kisha likakaa sandukuni miaka yote hii. Jana nimelitoa. Kurasa za mwanzo zina harufu ya moshi hadi leo. Nitaandika Kisarawe kwenye kurasa zilizobaki, na nikipata nafasi nitazisoma zile za nyuma njiani.

Mbezi, Gongo la Mboto, Pugu

Kibaha na Kisarawe ni wilaya jirani, zote za Mkoa wa Pwani, ila kwa mtu asiye na gari kutoka Tangini ni kuzunguka. Bodaboda hadi Maili Moja, daladala hadi Mbezi, nyingine hadi Gongo la Mboto, nyingine tena ya Kisarawe. Kondakta wa mwisho aliliona begi langu akadhani nahama.

Baada ya Gongo la Mboto barabara inaanza kupanda. Mtu aliyezoea tambarare ya Dar es Salaam anaihisi kwanza kwenye sauti ya injini. Pugu Kajiungeni, mnada wa ng'ombe, reli, halafu kijani kinaanza kuzidi mabati. Wabenediktini wa Kijerumani walijenga misheni Pugu mwaka 1888, na Januari 1889 ikachomwa katika vita vya Abushiri. Ni Pugu hii hii ambako Julius Nyerere alikuwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Fransisko, hadi mwaka 1955 alipoiacha kazi ili aitumikie TANU. Watu bado wanasimulia alivyokuwa akishuka mjini kwa miguu kwenda mikutanoni na kupanda tena kwa miguu. Nikiwa mwalimu, napenda kuiwazia njia ile: mtu mwembamba, viatu vyenye vumbi, madaftari ya wanafunzi yakimsubiri mezani.

Msituni

Nimelipa kwa simu kwa namba ya malipo niliyopewa, nikakabidhiwa kijana wa kuniongoza, mzaliwa wa Kisarawe. Alipojua mimi ni mwalimu akaniamkia upya, "Shikamoo mwalimu," na kuanzia hapo akawa ananieleza mambo kwa makini kama mtu anayesubiri alama.

Vilima hivi si virefu. Kilele chake ni mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, na pale miti inapofunguka unaona mji wa Dar es Salaam wote umelala chini, maghorofa yake yakiwa madogo kama meno ya mtoto, na nyuma yake mstari wa bahari. Tulisimama pale muda mrefu. Mji wenye watu mamilioni uko karibu kiasi hicho, lakini hapa nilipo nasikia hondohondo akipiga mabawa juu ya kichwa changu kama mtu anayekung'uta mkeka.

Tulipotoka kwenye mwanga tukaingia chini ya miti, baridi ya Julai ikashuka mabegani. Ardhi ni mchanga, na kila ulipokwanguliwa na mvua za masika unaona udongo mweupe wa kaolini. Mizizi imevuka njia kama ngazi. Mitambaazi ya mbungo imepanda miti hadi juu isikoonekana, na kijana akaniambia wakati wa msimu watoto wa vijijini wanajua kila mmoja wenye matunda mengi. Sikuwahi kufikiri kwamba juisi ya mabungo ninayoinunua stendi inaanzia kwenye kamba ya msituni yenye unene wa mkono wangu.

Kisha akasimama mbele ya mti mmoja, akaweka kiganja kwenye gome. "Msandarusi huu."

Hapo nikamwomba tukae. Nimesoma habari za sandarusi tangu chuo lakini sikuwa nimeugusa mti wenyewe. Utomvu wake ukiganda na kuzikwa ardhini kwa miaka mingi mno hugeuka kuwa kitu kama kioo cha rangi ya asali, na huo wa ardhini ndio uliokuwa na bei kuliko unaotoka kwenye mti hai. Katika karne ya 19 Wazaramo waliuchimba kwenye mchanga wa nchi hii, ukapelekwa pwani, ukavushwa hadi Unguja, na kutoka Unguja Wamarekani wa mji wa Salem waliununua na kuupakia merikebuni. Huko uligeuzwa vanishi ya kupaka magari ya farasi na samani za kifahari. Marekani iliweka ubalozi mdogo Unguja mwaka 1837, na miongoni mwa bidhaa zilizowaleta ilikuwa hii. Kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo ung'avu wa meza ya tajiri wa Massachusetts ulitoka chini ya miguu ya mtu wa Kisarawe. Mchimbaji alipata kitambaa, pengine shanga. Faida yenyewe ilibaki Unguja na kwingine.

Kijana alisikiliza, kisha akasema, "Mwalimu, hayo hatuwaelezi wageni. Tunawaambia jina la mti tu." Nikamwambia awaeleze. Ni habari yake kuliko ilivyo yangu.

Tuliona kima watatu, na sengi mmoja mwekundu na mweusi, mwenye pua ndefu inayochezacheza, akakatiza njia na kutoweka kwenye majani makavu kabla sijasema lolote. Komba wa Rondo hatukumwona, kwani hutoka usiku. Huyo ni komba mdogo kuliko komba wote wanaojulikana, uzito wake kama yai moja la kuku, mkia wake kama brashi ya kuoshea chupa. Wanasayansi walimpa jina lake miaka ya 1990, na hajulikani kuishi popote nje ya Tanzania. Ameachiwa vipande vichache vya msitu wa pwani, kuanzia nyanda za Rondo huko Lindi, na kimojawapo ni hiki nilichosimama, kilichozungukwa na mji unaopikia mkaa.

Kurasa za nyuma: Valbona hadi Theth

Nimekaa kwenye gogo, nasoma mwandiko wangu wa 2019.

Milima ile ya kaskazini mwa Albania wenyewe wanaiita Milima Iliyolaaniwa. Kilele chake kirefu, Jezerca, kina mita 2,694. Tulikuwa wanafunzi wanne wa Graz. Tulipanda kivuko Koman, tukapita kwenye ziwa jembamba lililozaliwa na bwawa la umeme wa mto Drin, kuta za mawe zikiwa zimetubana pande zote mbili, tukafika bonde la Valbona jioni. Kesho yake tukavuka kwa miguu kwenda Theth. Njia inapanda kwenye msitu wa miti yenye magome laini ya kijivu, inatoka kwenye mawe matupu, inavuka mgongo wa mlima karibu mita 1,800, kisha inateremka hadi magoti yanatetemeka. Kila mwendo mfupi kuna alama ya rangi nyekundu na nyeupe juu ya jiwe au mti. Ni sehemu ya njia ndefu ya kilomita 192 inayopita Albania, Kosovo na Montenegro, nchi ambazo mipaka yake miaka si mingi iliyopita ilikuwa ya bunduki.

Uzuri wa kule siwezi kuupunguza. Niliandika, na nakubaliana na niliyoandika, kwamba nilipofika juu nililia. Lakini leo, nikisoma upya, naona kurasa za mandhari ni tatu tu. Zilizobaki zote ni za watu.

Katikati ya mteremko, mahali ambapo hakuna barabara wala umeme, kuna kibanda cha mbao. Baba mmoja anachemsha kahawa, na soda zake zimepozwa kwenye maji ya kijito. Alitwambia anashinda pale kipindi chote cha kiangazi. Chini zaidi njia inaingia moja kwa moja kwenye ua wa nyumba, kuku wanakimbia, mama anatoka akijifuta mikono kwenye aproni. Hapo ndipo tulipolala. Nilipomsalimia kwa ishara, mwanawe akatafsiri swali lake la kwanza: mmekuja kwa nani?

Nilishangaa. Mwanawe akaeleza kwamba ni swali la zamani. Katika mila za milima ile mgeni hakuwa wa kijiji, alikuwa wa nyumba. Akishavuka kizingiti, mwenye nyumba alimlinda hata kwa damu yake. Mila hizo wanaziita Kanun, Kanun ya Lekë Dukagjini. Nikamwambia kwetu neno hilo ni kanuni. Akacheka, tukaanza kutafutana maneno mezani: sahani kwao ni sahan, sabuni ni sapun, duka ni dyqan. Waarabu na Waturuki walikuwa wametutangulia wote wawili. Mama yule aliposikia msichana mweusi kutoka Afrika anasema "sahan" alinishika uso kwa mikono miwili.

Alitulisha mkate wa moto, jibini nyeupe, supu, na chai ya majani ya mlimani. Vyote vilitoka kwake au kwa jirani, na kila kimoja alikitaja kimetoka kwa nani. Miaka ya 1990, ulipoanguka utawala uliokuwa umeifunga nchi, vijana waliondoka kwenda Italia na Ugiriki na nyumba nyingi zikabaki na wazee. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga nyumba akahamia Shkodër. Watembea kwa miguu ndio waliomrudisha, angalau kwa miezi ya joto, maana theluji ilipoanguka barabara ilikuwa ikifungwa. Mwanawe alikuwa miongoni mwa waliopinga mitambo ya umeme iliyokuwa ikijengwa kwenye mto Valbona. Hakuzungumza juu ya viumbe wala takwimu. Alisema mto ukikauka, watembea kwa miguu hawatapita tena, na mama yake atarudi mjini.

Pembeni mwa ukurasa

Kwenye dirisha la chumba changu Graz mwenye nyumba alikuwa na chungu chenye ua dogo la zambarau. Aliniambia linaitwa Usambaraveilchen, bila kujua Usambara ni nini wala iko wapi. Mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alilikuta huko Tanga mwaka 1892 na kupeleka mbegu kwao. Sasa limejaa madirisha ya Ulaya, na porini limebaki kwenye miamba michache yenye kivuli. Msitu wa Amani, ambako bado lipo, ulikuwa wa kwanza nchini kupewa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia, mwaka 1997. Nilimwonyesha mama mwenye nyumba kwenye ramani. Tangu siku hiyo alilimwagilia kwa heshima zaidi.

Kisarawe mjini, mchana

Kijana amekwenda kuswali, tumekubaliana turudi jioni kwa ajili ya popo. Mimi nimeingia kwa mama lishe: wali, maharage, mchicha wa nazi, na glasi ya juisi ya mabungo iliyokuwa chachu mpaka masikio yakasimama.

Nimemuuliza kama wageni wa msituni wanakula kwake.

"Wanapita, dada. Naona mabasi ya wanafunzi, naona magari ya kutoka Dar. Wanakuja na hotpoti zao, wanarudi na hotpoti zao."

Marehemu kaka yake alikuwa akichoma mkaa. Alilisema wazi, bila kuona haya. Alikamatwa, akaachiwa, akarudi tena, kwa kuwa gunia lililofika Dar lilikuwa na hela ya siku hiyo hiyo. "Msitu unalindwa, na ni vizuri, sipingi. Mvua tunaipata humo. Lakini sisi tulio pembeni tunaambiwa tusiingie. Basi hao wanaoingia nao wangepita hapa."

Sikuwa na la kumjibu. Jikoni kwangu Tangini lipo gunia la mkaa. Silijui limetoka msitu gani, sikuwahi kuuliza.

Tangu asubuhi, njia niliyotembea ni nzuri, inalindwa, na kijana wangu anaijua kama kiganja chake. Lakini haikupita mbele ya mlango wa mtu hata mmoja. Nililipa, nikatembea, nikaona, nikatoka. Kule Theth nisingeweza kufanya hivyo hata ningetaka. Njia yenyewe ilinipeleka uani, na baada ya kula mkate wa yule mama sikuweza tena kuuona mlima ule kama picha.

Wala si kwamba jambo hili ni la Ulaya. Mwaka juzi nilikwenda Morogoro na kupanda Uluguru hadi Morningside. Tulikutana na akina mama wa Kiluguru wakishuka na matenga ya mboga kichwani kwenda sokoni, na mara tatu kijia kilikatiza ua na ilibidi tupige hodi. Kwenye nyumba moja tulipewa ndizi za kuchoma tukakaa saa nzima. Maji ya milima ile ndiyo yanayoingia mto Ruvu, yanasafishwa Mlandizi na kupandishwa hadi bombani kwangu. Tangu nilipokaa kwenye ua ule, maji yakikatika Tangini huwa nayafikiria yale mashamba ya mteremkoni kabla sijakasirika.

Mapango, magharibi

Haya si mapango ya asili. Ni mashimo ya wachimba kaolini, yameachwa, na popo wakahamia. Harufu inakupokea kabla ya giza. Kijana alinizuia mbali kidogo na mdomo wa pango, tukakaa kimya.

Kwanza alitoka mmoja. Kisha watano. Kisha hewa yenyewe ikaanza kutembea. Walitoka kama moshi uliosukumwa, wakizunguka mara moja juu ya vichwa vyetu na kunyooka upande wa mjini, na sauti ya mabawa yao ilikuwa laini kama mvua inayoanza kwenye majani ya migomba. Sikuhesabu, hakuna anayeweza. Nilikaa hadi shingo ikauma. Adhana ya magharibi ilisikika kutoka Kisarawe nao wakiwa bado wanatoka.

Kwenye mgongo wa mlima wa Albania nililia. Hapa sikulia. Nilitabasamu peke yangu gizani kama mtu aliyefichuliwa siri ya nyumbani kwao, na nikaona aibu kwamba nilimaliza chuo, nikavuka bahari, nikapanda Milima Iliyolaaniwa, kabla sijafika mahali panapoonekana kutoka dirisha la daladala.

Tukirudi, kijana akaniambia ndoto yake ni kuwa na mahema manne ya kukodisha, na mama yake awe anapika. Nikamuuliza mama yake anaishi wapi. Akanyoosha mkono upande wa kushoto, kwenye taa mbili zilizokuwa zinaonekana kwa mbali nyuma ya miti. Siku nzima tumetembea kilomita nyingi, na hakuna aliyefikiri kwamba tungeweza kupita pale kunywa maji. Mimi sikuuliza. Yeye aliona haya kunialika, akidhani mgeni aliyelipa hataki nyumba ya udongo.

Tangini, usiku wa manane kasoro

Nimefika saa nne na nusu. Nilidhani Bibi kalala, kumbe taa yake inawaka.

"Umerudi? Umemkuta nani huko?"

Nikamsimulia: msandarusi, sengi, popo, mama lishe, taa mbili nyuma ya miti. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema yeye alizaliwa Kazimzumbwi. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka sita, sikuwahi kujua. Walikuwa wakienda kuchuma mabungo wakiwa wasichana, wakirudi midomo imebadilika rangi. Na hadi leo mdogo wake, yule anayemfuata, yuko kule kule, nyumba ya tatu ukitokea msituni.

"Asubuhi nilikuuliza unakwenda kwa nani. Ungesema huna mtu, ningekupa."

Akaingia ndani, akatoka na simu yake ndogo ya tochi, akanipa nitafute jina mwenyewe kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi. Nimeinakili namba ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya ile ya mama wa Theth. Ameniagiza nikienda nibebe sukari kilo mbili na mche wa sabuni, na nifike kabla ya adhuhuri, maana mdogo wake hapendi mgeni akute sufuria imeshainjikwa bila yeye kuhesabiwa.